Tofali Lenye Mguu Wangu

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nisamehe. Tangu mmzike Baba bila mimi, nimeanza barua hii mara nne nikaiacha. Kwa simu ningelia tu, na mwanangu Wayua angesikia. Goti lako linaendeleaje? Na Wayua bado anakohoa?

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Siku hizi ninasafisha kanisa kuu la mji huu. Mwaitu, ni kama mtu aliyevaa sweta juu ya sweta. Chini kuna mawe meusi ya watu wa kwanza. Juu yake matao ya mviringo, halafu mengine yenye ncha, ya wajukuu wao. Mnara ulianguka, wakaurudisha kwa matofali ya kuchoma kama yetu. Sakafuni wamezikwa watu, na mimi nazunguka na ufagio nisiwakanyage. Wenzangu wananicheka.

Juzi fundi wa mawe, mzee mpole, alinionyesha tofali moja la mnara. Lina mguu wa mtoto aliyekanyaga udongo ukiwa mbichi. Nikalia, mzee wa watu akadhani ameniudhi. Nilikumbuka letu. Baba alikuwa akifyatua matofali ya kanisa la Kikima, nikapita juu yake mbio, wewe ukakata fimbo. Akakwambia, "Mwache. Huu mguu uingie kanisani." Akalijenga karibu na dirisha.

Sasa kaka Mutua anasema kamati itabomoa kanisa lote wajenge la ghorofa, matofali yakajaze mashimo ya barabara. Nilipokataa, akanicheka: "Mumbua, uko ng'ambo unalilia tofali?"

Ndiyo, nalilia. Kaburi la Baba sijaliona. Nilichobaki nacho ni kazi ya mikono yake. Mwambie Mutua, kwa vile yuko kwa kamati, siombi, nadai: tofali hilo litolewe kwa mkono, sio kwa trekta, liingie ukuta mpya. Fundi wa hapa aliniambia ukuta haupati aibu kuwa na mzee ndani yake.

Nisalimie shangazi anayekuchotea maji, na mwalimu wa Wayua. Mutua pia, hata kama nimemkasirikia.

Ni mimi mtoto wako,
Mumbua

Bado nahitaji hivi: muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, kilo mbili. Kofia ya Baba ya kazi, usiifue. Picha ya lile dirisha kabla hawajaligusa. Na mguu wa Wayua: msimamishe juu ya karatasi, uuzungushie kalamu. Wa kushoto, kama ule niliokanyagia tofali mimi.