Waridi la Mueni

Jumatano, Septemba 2000

Majani matatu tena yameanguka. Yaliyobaki kingo zake zimekauka kama zimepitishwa motoni.

Ni mimi niliyefanya hivi. Maji matamu tunayochimbua mchangani mtoni niliyaweka ya kunywa, waridi nikalimwagilia yale ya pampu ya kanisa, ambayo sisi hufulia tu. Nilijiambia ua halina ulimi.

Leo mama mkwe alichukua udongo wa mkebe lilimopandwa, akauonja, akatema. "Mama Mueni, hii mchanga iko na chumvi kuliko mboga yako."

Nimemwaga mtungi mzima wa maji matamu, hadi yakatoka kwa tundu la chini. Nikayaonja. Bado chumvi. Nikamwaga tena, na kesho sijui tutakunywa nini.

Binti yangu alilipanda mwenyewe kabla ya kulazwa. Waridi fupi, halifiki hata goti. Nikienda kumwona haulizii dawa, anaulizia ua lake. Jumapili nilimdanganya kwamba liko na vitumba viwili. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikafurahi, mjinga mimi.

Ijumaa anarudi. Daktari aliniita kando akasema hawana la kufanya tena, afadhali awe nyumbani. Mueni anadhani amepona.

Amesema kitanda chake kikae karibu na dirisha, ili akiamka aone vile vitumba. Kitanda nimeshakisogeza. Mkebe uko nyuma ya jikoni, nimeufunika na gunia.