Matiti yangu, na ile ng'ombe Bihogo

Kirolirwe, tarehe 9 mwezi wa sita

Mudogo wangu mupenzi Sébastien,

Nakusalimia mu jina la Bwana Yesu, wewe na watu wa nyumba yako huko Omate. Kile kikohozi cha mashimo ya madini kilikuacha? Siye tunaishi kwa neema. Bibi yangu Kamaliza anakusalimia. Mvua ilinyesha muzuri, majani ya ng'ombe iko ya kutosha.

Mudogo wangu, niko na habari ya kushangaza. Tangu Pasaka nimeota matiti. Usicheke! Yalianza kama kokoto ndogo chini ya chuchu, yakauma, yakavimba, hata shati ya kanisa ikakataa kufunga. Kamaliza akaniuliza kama nitanyonyesha mbele ya binti yetu Uwitonze, mwenye iko na mimba, ao nitamungoja. Mimi nilifikiri nimerogwa. Nikafunga siku tatu, nikaomba. Hakuna.

Mwishowe nikaenda ku centre de santé. Infirmière Adelaïde, muuguzi wa pale, akanipima bila aibu, akauliza ninakunywa dawa gani. Nikamuonyesha vile vidonge vya moyo, vya kupunguza maji mu miguu. Akasema njo hivyo vyenyewe vinaotesha matiti. Nikamuuliza mengi, unanijua. Akanieleza kama kila mwanaume iko na homoni ya kike kidogo mu damu, na ile ya kiume njo inaizuia. Ya kiume ikilegea ao ya kike ikizidi, matiti inaota: kwa uzee, kwa maini yenye kugonjwa, kwa dawa fulani. Akanikataza kabisa kuacha dawa peke yangu, munganga amenibadilishia.

Kisha akaongeza, kama kitu kidogo tu, kama inafikia pia vijana wengi wakati wanakomaa, na kwa wengi inaisha yenyewe. Hapo sikuuliza tena. Nilikuona wewe, miaka kumi na ine, umejifunga kifua na kitambaa cha mama, na siye ku muto tunakuita Mama Séba.

Sasa niungame. Bihogo ilipokosa maziwa, mimi njo nilimuambia marehemu papa kama ng'ombe inakukatalia juu ya matiti yako. Papa akakunyanganya cyansi, kile chombo cha kukamulia, akanipa mimi, pamoja na ng'ombe zote. Wewe ukaenda Walikale, ku mashimo. Lakini Bihogo haikukauka, Sébastien. Kufunga ndama ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nakimbilia mupira bila kuifunga, inanyonya yote, wewe unafika unakuta chuchu tupu. Nilijua. Nikanyamaza miaka makumi tatu na moja, na huku naongoza maombi.

Ku kizazi cha Bihogo iko mutamba moja, itazaa mwezi wa nane. Ni yako. Cyansi ya papa nimeisafisha na moshi. Kuja ukamue wewe. Ndama nitaifunga mimi mwenyewe.

Salimia shemeji na watoto, na wote wenye wanasali pamoja nawe. Bwana akulinde mu mashimo.

Mukubwa wako,
Gatera