Mpira wa Katikati

Mama, shikamoo. Heshima uliyonifundisha huko Songea nusura initoe mashindanoni leo!

Unajua riziki yangu yote ni tenisi ya wawili wawili, na mwenzangu kaumia. Nilishafunga begi nirudi. Ndipo nikapewa Mama Zuhura wa hapa Boko, rika lako kabisa, anacheza wawili wawili tangu mimi sijazaliwa. Sasa kila mpira ukija katikati yetu namwachia yeye, mkubwa. Naye ananiachia mimi mwenye nguvu. Mipira inapita tunaitazama. Seti ya kwanza tukafungwa.

Akanivuta pembeni, jasho linamtiririka kwa hili joto lao. "We mtoto, mbona hupigi?"

"Naona aibu kukupokonya, mama."

Akacheka mpaka mwamuzi akageuka. "Shikamoo yako iache nje ya uzio. Humu ninyang'anye!"

Nikamnyang'anya, Mama. Tumeshinda, na kasema tutacheza wote msimu mzima. Nimeshusha pumzi, acha tu.

Magoti yako yapate nafuu, nimekukumbuka mno. Saa hizi niko kwake, tunakula samaki wa kupaka. Usiwe na wasiwasi, kichwa cha samaki nimemwachia yeye, mkubwa.

Mwanao, Tumaini