Mstari Alioufuta Mapambo

Upo? Yule Mapambo wa ofisini kwetu kaniua leo. Kaniua, shoga!

Zile slaidi zangu za kikao cha wateja unazikumbuka? Faili moja jepesi, linafunguka kwenye brauza hata bila intaneti. Msimbo kidogo tu wa JavaScript wa kusogeza slaidi mbele na nyuma. Vikumbusho vyangu vimo humohumo, mstari mmoja wa msimbo unavificha visionekane ukutani.

Asubuhi Mapambo kaingia kwenye faili "kurembesha", kama kawaida yake bila kuitwa. Kaufuta ule mstari. Eti, "Nilijaribu, haukuwa unaonyesha kitu."

Haukuwa unaonyesha kitu! Si ndiyo kazi yake, bwege yule!

Na bosi unamjua, kikishakuwa ukutani lazima akisome. Kasimama mbele ya wateja, kasoma: "Hapa bosi atasoma kila neno kama kasuku. Mwache amalize."

Na kweli akamaliza. Kwa sauti. Mpaka nukta.

Kanigeukia: "Wewe, kesho usije."

Sasa hivi Mapambo kanitumia ujumbe: "Dada, ule mstari uliandikwaje? Nataka niurudishe."

Aurudishe! Mimi nimeshazikwa, yeye ndiyo kwanza analeta dawa.