Nyanjura kwa R, Nyanjula kwa L

Bunda, Jumanne. Mawingu tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Kichwa changu nacho kiko hivyohivyo.

Sijui kama leo nimetenda haki au nimeharibu udugu wa watu. Acha niandike tu, labda nitaelewa.

Asubuhi alikuja mama mmoja kutoka Kibara, anaitwa Nyanjura. Miaka mingi nyuma, marehemu baba yake alifika hapa kwenye stationari yetu ya Kabasa, akamtajia baba yangu maneno ya kuchapa: kwamba shamba la kando ya ziwa ni la huyu binti yake. Karatasi iliharibika kwa mvua upepo ulipoezua nyumba. Alhamisi baraza la kata linasikiliza shauri lake na kaka yake, kila mmoja anadai shamba ni lake. Aliomba nakala.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwaga hajali majina ya mafaili. "Barua." "Barua mpya." "Barua mpya kabisa." Maelfu, folda ndani ya folda. Kufungua moja moja ningefika Idi.

Nikampigia binamu yangu Rashidi, fundi kompyuta wa Musoma. Akanielekeza nifungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, niandike grep -r, kisha jina ninalotafuta na folda ya kuanzia. Alisema itapita folda zote na kusoma ndani ya kila faili. Nikaandika Nyanjura. Haikuleta kitu. Akaniongezea alama ya kuifanya isijali herufi kubwa na ndogo.

Bado kimya.

Yule mama alikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani, ananitazama kama anayesubiri majibu ya hospitali. Akaingia mteja mwingine, wakasalimiana, nikamsikia yule mama anajitaja: Nyanjula. Wengi wa kwao hutamka hivyo, na baba alikuwaga anaandika anavyosikia. Nikabadilisha herufi moja.

Zikatokea barua mbili.

Ya kwanza ndiyo aliyoifuata. Mzee anasema binti huyu ndiye aliyemshika mkono kumpeleka ziwani kuoga, macho yake yalipokufa. Ya pili ni ya wiki tatu baadaye: mzee yuleyule, shamba lilelile, anampa mwanawe wa kiume. Sababu hakutaja. Kwenye kompyuta hakuna sahihi wala dole gumba, kwa hiyo ipi aliikubali mwisho, siwezi kujua.

Nakiri, nilichapa ya kwanza tu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniombea baraka, akatoka. Nilimwacha mpaka akafika barabarani.

Kisha nikamfuata.

Nikamrudisha, nikamsomea ya pili polepole. Hakulia. Aliuliza kama kuna mtu kaja kuniandikisha hii juzi juzi. Nikamwonyesha tarehe. Nikatamani nisingekuwa nimeitafuta.

"Nipe zote mbili, mwanangu," akasema. "Aliyezisema ni baba yangu."

Alasiri akanipigia simu. Hakusubiri Alhamisi. Aliposhuka Kibara alienda moja kwa moja kwa kaka yake, akamkabidhi karatasi zote. Kaka aliisoma ile inayompa shamba haraka haraka, akaiweka chini. Ile ya dada yake aliisoma mara mbili, hasa pale pa kushikwa mkono. Kumbe miaka ile yeye alikuwa mbali, hakujua. Akaomba abaki nayo.

Dada akamwachia. Kwake amerudi na ile moja, inayomnyima shamba.

Nilimwambia naweza kumchapia nyingine, aifuate kesho. Akajibu taratibu, "Acha kwanza. Nataka nione kama Alhamisi kaka atakuja nayo."

Sijui niuite huo ujinga au imani. Nakala nyingine nimeshaichapa, iko hapa mezani, na gari la Kibara huondoka asubuhi.

Niipeleke, au nimwache amsubiri kaka yake?