Rido Iliyonukia Kasiksi

Walikale, Alhamisi, Novemba 1956

Leo jua limetoka. Hapa Walikale, mwezi huu, hilo peke yake lingetosha kuandikwa. Lakini nina jambo kubwa zaidi, na mkono wangu unakimbia kuliko wino.

Rido ya dushi haitachomwa moto.

Niandike kwa utaratibu. Kwenye maternite yetu, hapa pa kuzalia ambapo mimi ni msaidizi wa Masera, mtawa anayetuongoza, kuna chumba kimoja cha dushi: pipa la maji ya mvua juu ya ukuta, bomba, sakafu ya simenti, na rido, pazia jeupe la nailoni lililotoka Bukavu. Mama aliyejifungua anaoga nyuma yake bila kuonwa na mtu. Kabla ya dushi, walikuwa wanateremka mtoni na miguu inayotetemeka. Mwaka jana mmoja aliteleza, akavunjika mkono.

Basi, rido ilianza kuota kuvu. Kwanza madoa madogo kama punje za ulezi, kisha upindo wote wa chini ukawa mweusi. Niliisugua na sabuni. Baada ya juma moja madoa yakarudi. Jumatatu Mama Neema, mwenye mtoto wa siku mbili, alichungulia ndani akarudi kitandani.

"Mimi siwezi kuoga pale," akasema. "Ile kitu itaingia mu ngozi ya mutoto."

Masera akaamua: Jumamosi rido itachomwa, tutangoja Bukavu watume nyingine. Kungoja Bukavu ni kungoja miezi.

Nilijua kosa ni la nani.

Ni langu. Kila jioni nilikuwa naikunja rido ikiwa bado imelowa, naifunga pembeni na utepe, kisha nafunga dirisha. Ilipendeza macho. Kwetu Ngungu upepo wa mlimani ungeikausha hivyo hivyo. Hapa msituni hata viatu vinaota kuvu chini ya kitanda. Miezi minane niko Walikale, na bado nilikuwa naishi kama niko nyumbani.

Aliyeniokoa ni Mama Sifa, ambaye anangoja kujifungua mtoto wake wa tano. Jana alinikuta nimekaa barazani, rido magotini, kisu mkononi, nakwangua.

"Dada, acha kisu, utaipasua," akaniambia. "Mimi napikaka kasiksi ya ndizi. Mitungi yangu ikifanya kuvu, naioshaka na kasiksi yenye imechacha sana, ile hata walevi wanakatala. Kisha naanika ku jua. Mutungi unapona."

Pombe imekatazwa kabisa ndani ya maternite. Naungama hapa: leo asubuhi mume wa Mama Sifa alileta chupa mbili chini ya koti, nami nikazipokea nyuma ya jiko.

Nilitandika rido juu ya meza ya kufulia, nikaimwagia, nikaiacha kwa muda wa kuivisha maharagwe. Harufu yake ilinitoa machozi. Kisha nikashika brashi.

Weusi ukatoka.

Ulitoka kweli, ukashuka na povu kama matope. Nikaosha mara mbili kwa sabuni na maji safi, nikaitandaza kwenye kamba, juani. Hapo Masera akatokea. Akanusa. Akanisogelea karibu sana.

"Veronika, umekunywa?"

"Hapana, Masera. Rido njo imekunywa."

Alishika upindo, akaugeuza upande wa pili, akaupeleka puani. Nikamwambia yote: chupa, utepe, dirisha. Hakucheka, wala hakunikemea. Aliuliza tu kama kasiksi imebaki. Ilibaki nusu chupa. Akaichukua, akabandika karatasi juu yake, akaandika: "Ya rido."

Haikurudi kuwa mpya. Chini kumebaki kivuli cha kijivu, na nimepandisha upindo vidole vinne usilale tena kwenye maji ya sakafuni. Kuanzia leo, aliyemaliza kuoga ataipangusa na kitambaa, ataitandaza yote, na dirisha litabaki wazi. Kila Jumamosi tutaipaka kasiksi kidogo, hata kama kuvu haijaonekana.

Saa tisa Mama Neema aliingia kuoga. Alikaa humo mpaka nikahofia pipa litakauka. Nilimsikia akiimba wimbo wa kanisa, nami nimesimama koridoni na taulo lake, natabasamu peke yangu kama mjinga.

Sasa hivi Masera ameniambia kwamba kesho, baada ya sala, nitawafundisha mama wote namna ya kutunza rido. Sijawahi kusema mbele ya watu. Nianze na neno gani? Na chupa? Na dirisha?

Nitaanza na kosa langu. Wakicheka, watakumbuka.