Sikukuu Imefika, Mzee Hana Pa Kwenda

Mshauri wangu mpendwa, nimekwama, nisaidie kabla sikukuu ya taifa haijafika. Mume wangu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi, na kila sikukuu wenzetu walipojilalia yeye alikuwa keshapiga pasi sare, keshang'arisha viatu, yuko uwanjani anawapigia wakubwa wimbo wa taifa, na mimi na wanangu tukapika tukala wenyewe, mgeni akiuliza baba yuko wapi namjibu yuko kazini, huku nikijipa moyo kwamba akistaafu sikukuu zote zitakuwa zetu. Mwaka huu kastaafu. Sikukuu ya kwanza tu, binti yetu katualika chakula cha mchana, nimeshavaa gauni nililojishonea, maana mimi ni fundi cherehani, namwona mzee anatoka na suruali ya sare, ananiambia, "Mama, nawachungulia vijana wa bendi mara moja, tutakutana huko huko." Hakuja. Kumbe alikwenda mlango wa bendi kama alivyozoea, askari kijana akamzuia, "Mzee, wananchi wanapita upande ule," akageuka akarudi nyumbani, nami nikamkuta sebuleni, viatu bado miguuni, redio kaizima, na badala ya kumpa pole hasira zikanipanda nikamwambia, "Bendi imeshakusahau, aliyekungoja ni mimi!" Tangu hapo ananijibu "ndiyo", "hapana", "asante", basi. Sasa sikukuu nyingine hiyo inakuja, binti katualika tena, na baba mtu anasema, "Nendeni tu." Je, nimburute au nimwache?

Fundi Cherehani

Mama fundi, pole. Kungoja kwako si jambo dogo, na una haki ya kuzidai sikukuu zako. Lakini siku ile ulimi wako ulikuwa wembe, dada yangu. Mtu kageuzwa mlangoni, anarudi kwake apate pa kuegemea, nawe unamsukuma tena? Kamwombe radhi leo, kwa lile neno lako kwamba bendi imemsahau. Usizungukezunguke, wala usimtume binti.

Halafu nikuulize: uliwahi kwenda uwanjani hata mara moja ukamsikiliza? Barua yako ndefu, hilo sikuliona. Ulimngoja jikoni, naye alikuwa akipiga huko bila mtu wake hata mmoja kwenye umati. Kwa hiyo usimburute. Mwambie, "Baba, nipeleke nikaone." Piteni mlango wa wananchi, mkae bega kwa bega, akuoneshe nani anaingia lini kwenye wimbo na kwa nini. Bendi ikimaliza, mchana ni wako. Mshike mkono mwende kwa binti, na akianza visingizio mwambie mshauri kakataa.

Akigoma kwenda, usinune. Nenda peke yako, sikiliza vizuri, kisha rudi umsimulie kijana wa tarumbeta alivyopiga. Simulia ovyo ovyo, kama mtu asiyejua muziki, wala hutahitaji kuigiza. Hatavumilia. Ataanza kukusahihisha, na hapo mtakuwa mmeshaanza kuongea.